Walimu wageni na adabu ya Wakorea

Leo twataka kuwasimulia habari za nchi ya mbali, Korea, iliyo katikati ya China na Japani. Walimu wengi wa kigeni wamekwenda huko, kwanza mapadri, kisha Wamarekani na Wajerumani, na siku hizi vijana wa nchi mbalimbali wanaofundisha Kiingereza. Wengi wao wameandika au kusimulia lalamiko moja: kwamba watu wa huko wana desturi za kuchosha, na pengine hawana adabu. Ni lalamiko la ajabu, kwa maana Wakorea wenyewe wahesabu adabu kuwa utajiri wao wa kwanza. Basi nani asema kweli? Tumeona yafaa tulipeleleze neno hili katika historia, maana watu waliuawa kwa ajili ya mambo ya namna hii.

Tuanze na jambo dogo la darasani. Mwalimu Mmarekani amkaripia mtoto kwa sababu hakufanya kazi yake. Mtoto ainamisha kichwa, atazama chini, hasemi neno. Kule Marekani mtoto afanyaye hivyo adhaniwa kuwa anaficha kitu, au hasikilizi, basi mwalimu apaza sauti: «Nitazame ninaposema nawe!» Mtoto azidi kuinama. Kwao kumkazia macho mkubwa anayekukaripia ni kama kumtaka mpigane. Pengine mtoto atabasamu kidogo kwa haya, na hapo mwalimu awaka hasira kabisa, akidhani anachekwa. Sisi tuliolelewa vijijini hatuhitaji maelezo mengi hapa. Mama zetu walitufundisha hivyo hivyo.

Jambo jingine ni la ndiyo na hapana. Mwalimu auliza: «Hukuleta kitabu?» Mtoto ajibu: «Ndiyo», maana yake, ndiyo, ni kweli, sikukileta. Mwingereza katika lugha yake angesema hapana. Basi mwalimu angoja kitabu kitolewe, nacho hakitolewi. Kiswahili chetu chaenda pamoja na Kikorea katika neno hili, na labda mwalimu wa kutoka kwetu angepumzika kidogo kuliko wenzake.

Adabu hiyo yatoka wapi? Tangu mwaka 1392 hata 1910 Korea ilitawaliwa na ukoo mmoja wa wafalme, ukoo wa Yi. Wafalme hao walishika mafundisho ya Konfusio, mwenye hekima wa China aliyeishi kabla ya Kristo, wakayafanya kuwa msingi wa serikali, wa shule na wa nyumba. Mafundisho hayo yataja vifungo vitano vya watu: mfalme na mtumishi wake, baba na mwana, mume na mke, mkubwa na mdogo wa umri, rafiki na rafiki. Kila kifungo kina salamu zake, maneno yake, hata namna yake ya kukaa na ya kunywa. Mwalimu naye aliwekwa karibu na mfalme na baba. Watoto walifundishwa wasikanyage hata kivuli chake.

Lakini tazameni vizuri: katika vifungo hivyo vitano mtu usiyemjua, apitaye njiani tu, hayumo. Hapa ndipo tuonapo shina la lalamiko kubwa la wageni. Wasema kwamba katika miji ya Korea watu hukusukuma sokoni na katika treni bila kuomba radhi, na mlango huachwa ukupige usoni. Tena mtu yule yule aliyekusukuma, akiisha kujulishwa kwako, atakupa kikombe kwa mikono miwili na kukupeleka mwenyewe hata mahali unapokwenda. Mgeni aona ni watu wawili. Kumbe ni mmoja. Adabu yake ni nzito kwa wale aliofungwa nao, na nyepesi kwa wale asiowajua. Tena msisahau vita ya 1950 hata 1953, iliyowatupa watu mamilioni katika njia za ukimbizi, na jinsi miji ilivyojaa baadaye. Korea ya Kusini ina watu karibu milioni 51 katika nchi ya kilometa za mraba 100,000 tu, ndogo kuliko Kivu ya Kaskazini na ya Kusini zikiunganishwa. Mahali pa namna hiyo bega hugonga bega. Hata hivyo sisi hatusemi kwamba kusukumana ni adabu. Twasema tu kwamba kuna sababu.

Lalamiko la pili ni maswali. Mwalimu mgeni afika. Siku ya kwanza aulizwa: Una miaka mingapi? Umeoa? Umekula? Unakwenda wapi? Yeye aona anapelelezwa kama mbele ya polisi. Hajui kwamba «umekula?» ni salamu tu, wala hajui kwamba Mkorea hawezi kusema nawe vizuri kabla ya kujua umri wako. Katika lugha yao mwisho wa kitenzi hubadilika kwa kadiri ya cheo na umri wa mtu unayesema naye. Kula kwa mtoto kuna neno lake, na kula kwa mzee kuna neno jingine kabisa. Mtu hamwiti mkubwa kwa jina lake tu. Atasema «mkubwa wangu», «dada», «mwalimu», na mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe, mama Fulani, kama kwetu. Mgeni aliyejifunza lugha kwa kuwasikiliza watoto wa shule huenda kumsalimu mzee kwa maneno ya kitoto, watu wakafunga vinywa wasicheke.

Hesabu ya miaka nayo iliwachanganya. Kwa desturi ya zamani mtoto alizaliwa akiwa na mwaka mmoja, na wote waliongezewa mwaka siku moja, siku ya mwaka mpya. Aliyezaliwa mwisho wa Desemba alikuwa wa miaka miwili baada ya siku chache tu! Tangu mwezi wa Juni 2023 sheria ya Korea ya Kusini yaagiza kwamba katika barua za serikali na mikataba umri uhesabiwe kama mahali pengine ulimwenguni.

Sasa turudi nyuma. Kanisa la Korea halikuanzishwa na mapadri wageni. Wenyeji wenye elimu walisoma vitabu vya dini vilivyotoka China, wakamtuma Yi Seung-hun mpaka Beijing, akabatizwa huko mwaka 1784. Padri wa kwanza wa Ulaya kuja kukaa na Wakristo hao alikuwa Petro Maubant, Mfaransa, mwaka 1836. Sheria ilikataza wageni kuingia, na adhabu ilikuwa kifo. Basi alijifichaje, mtu mweupe mwenye pua ndefu? Aliokolewa na adabu ya Wakorea. Mtu aliyefiwa na mzazi alivaa nguo za matanga na kofia kubwa iliyofunika uso na mabega, akashika na kitambaa mbele ya uso. Na ilikuwa haramu kumsemesha njiani au kumchungulia, kwa kuheshimu uchungu wake. Mapadri walivaa hivyo, wakapita katikati ya askari, wala hakuna aliyethubutu kuinua kofia. Desturi ile ile ambayo mgeni mwingine angeiita upuzi iliwapa Wakristo Misa na sakramenti kwa miaka mitatu. Mwaka 1839, mateso yalipozidi, Askofu Imbert aliwaagiza Padri Maubant na Padri Chastan wajitoe wenyewe ili Wakristo waachwe; wote watatu wakakatwa vichwa. Ni watakatifu tangu 1984.

Lakini kuna habari iliyo nzito zaidi. Kila nyumba ya wakubwa ilikuwa na vibao vya mti vyenye majina ya wazee waliokufa, na mbele yake watu waliinama na kuweka chakula siku za ukumbusho. Je, hiyo ni ibada au ni heshima ya mwana kwa baba? Mapadri wa Ulaya walikwisha kugombana juu ya neno hilo huko China kwa muda mrefu, na Roma ikakataza. Mwaka 1790 Askofu wa Beijing aliwajulisha Wakorea katazo hilo. Mwaka uliofuata mama yake Paulo Yun Ji-chung alikufa, naye Paulo, mtu wa ukoo mkubwa, alimzika kwa heshima lakini hakuweka kibao. Na vile vya wazee wake alivichoma moto. Binamu yake Yakobo Kwon Sang-yeon alifanya vivyo hivyo. Serikali ilisema: Mtu asiyemheshimu mama yake atamheshimuje mfalme? Wote wawili wakauawa mwaka 1791, na Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza kuwa wenye heri mjini Seoul tarehe 16 Agosti 2014.

Na hapa tuseme waziwazi. Tarehe 8 Desemba 1939 Roma ilitoa barua nyingine, ikasema kwamba kuinama mbele ya maiti, au picha, au kibao chenye jina tu la marehemu, ni heshima ya kibinadamu, nayo ni halali. Miaka 148 ilikuwa imepita. Wengine wakisikia hivyo huuliza kama Paulo na Yakobo walikufa bure. Sisi twajibu kwamba hapana. Walitii sauti waliyoisikia, tena hawakumkana Kristo. Na siku zile vibao vilisemwa kuwa makao ya roho, si kumbukumbu tu. Lakini twajua pia kwamba swali la adabu lililojibiwa na watu walio mbali laweza kugharimu damu ya watu walio karibu.

Baadaye milango ya Korea ilifunguliwa. Mwaka 1886 mfalme Gojong aliita Wamarekani watatu, Hulbert, Gilmore na Bunker, wafundishe watoto wa wakubwa Kiingereza na hesabu. Wanafunzi walikuja na watumishi wa kuwachukulia vitabu na viko vya tumbako, maana mtu wa ukoo hachukui mzigo. Shule ilifungwa mwaka 1894. Kofia nazo zilileta vichekesho. Mzungu akiingia nyumbani huvua kofia na kubaki na viatu. Mkorea alivua viatu na kubaki na kofia, kwa kuwa kichwa wazi mbele ya mkubwa kilikuwa aibu. Hata miwani ilivuliwa mbele ya mzee. Fikirini basi mwalimu aingiaye na viatu, kichwa wazi, miwani machoni, akijiona ni mtu wa heshima kamili!

Wabenedikto wa Ujerumani walifika Seoul mwaka 1909, wakafungua shule ya ufundi. Walipambana na dharau ile ile ya kazi ya mikono, maana msomi wa zamani aliona randa na nyundo kuwa vitu vya watu wa chini. Mapadri na mabruda walishika zana wenyewe. Abati wao Norbert Weber alipoitembelea nchi mwaka 1911 aliandika kitabu kikubwa cha kusifu desturi za watu, wala hakungoja ajue yote ndipo apende.

Hulbert naye alibadilika. Karibu na mwaka 1890 aliandika kitabu cha jiografia kwa herufi za Kikorea zenyewe, ambazo wasomi walizidharau wakipenda zile za Kichina, na baadaye aliwatetea Wakorea mbele ya mataifa Japani ilipowanyang'anya nchi. Alirudi Seoul mwaka 1949, mzee wa miaka 86, akafa baada ya siku chache, akazikwa huko kama alivyotaka.

Tangu 1966 hata 1981 vijana wa Marekani wa Peace Corps walikwenda, wengi wao wakafundisha Kiingereza, na mwaka 1995 serikali ilianza kuwaajiri walimu wa kigeni kwa shule zake. Malalamiko yao yafanana na ya zamani. Darasa lanyamaza likiulizwa swali, kwa sababu anayejibu akikosea huaibika, na anayejibu vizuri huwaaibisha wenzake. Mkuu wa shule hasemi hapana. Asema «tutaona», na mgeni angoja miezi. Na wao wageni huudhi bila kujua: mwalimu aandika jina la mtoto kwa wino mwekundu, rangi ambayo huko haifai kwa jina la mtu aliye hai, apokea karatasi kwa mkono mmoja akitazama kando.

Si kila lalamiko la wageni ni la ujinga. Walipokataa fimbo, ambayo ilitumika sana shuleni, walikuwa na haki, na sheria ya 2011 iliikataza. Walipochoka kulazimishwa kunywa pombe na wakubwa wa kazi mpaka usiku, twawahurumia. Na zawadi ziliwatia mashaka, hasa Siku ya Walimu, tarehe 15 Mei, iliyo siku ya kuzaliwa kwa mfalme Sejong aliyetunga herufi zao. Wazazi wengine walileta bahasha zenye fedha, na ambaye hakuwa nacho alihofia mwanawe atasahauliwa. Wakorea wenyewe waliliona. Tangu sheria ya mwaka 2016 mwanafunzi hawezi kumpelekea mwalimu wake hata ua moja kwa siri. Mwakilishi wa darasa ndiye alitoaye, mbele ya wote, kwa mikono miwili.