Kuifikia Kilwa kwa Njia ya Bahari

Kilwa Kisiwani iko karibu sana na bara. Mtu akisimama ufukweni Kilwa Masoko, yalipo makao makuu ya wilaya, huyaona magofu ya Gereza kwa macho yake, na maji yanayomtenga nayo ni kiasi cha kilomita mbili tu. Hata hivyo maji hayo hayana budi kuvukwa. Daraja hakuna, na sisi hatungependa liwepo, maana mji huu ulijengwa na watu waliotazama baharini, na mgeni waliyemtazamia tangu mwanzo ni yule ajaye kwa chombo.

Safari za matembezi ya majini, ambazo abiria hulala melini usiku na kuteremka mchana kutazama mambo ya kale, si jambo la jana. Mwingereza Thomas Cook aliwaongoza wasafiri wake katika mto Nile mwaka 1869, na tangu hapo mahekalu ya Misri yamezoea kutazamwa na watu watokao mashuani. Hata mahekalu ya Abu Simbel, yalipokatwa vipande na kuinuliwa kati ya mwaka 1964 na 1968 ili yasimezwe na ziwa la bwawa la Aswan, yalisimamishwa tena pale pale kando ya maji. Katika pwani yetu ya kusini desturi hii ni changa. Mara moja moja meli ya watalii hutia nanga Kilwa, abiria wakaletwa pwani kwa mashua za mpira, wakatembezwa kwa saa mbili au tatu chini ya jua, na kabla ya magharibi meli imekwisha ng'oa nanga kuelekea Unguja au Msumbiji. Hatuwalaumu kwa haraka yao. Mwenye saa mbili huona ya saa mbili. Linalotushughulisha ni maelezo wanayopewa katika saa hizo, kwa kuwa maelezo hayo huwafikia na watoto wetu.

Tulivuka kwenda Kisiwani tukiwa na kundi la wanafunzi wa sekondari. Walikuwa wamesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam na kuuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa pantoni, na masika ilipochacha barabara ya Kilwa haikuwa na uhakika wowote. Tukapanda mashua ya tanga, na wengi wao siku hiyo ndiyo waliyoiona bahari kutoka ndani ya chombo kwa mara ya kwanza. Katika Msikiti Mkuu tulilikuta kundi la wageni wa meli wakimsikiliza kiongozi waliyekuja naye. Aliwaeleza kwamba mji ule ulijengwa na Waajemi, ukatawaliwa na Waarabu, na kwamba hao walipoondoka mji ukafa. Hakusema zaidi ya hayo. Mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akiyafasiria wenzake, alitugeukia akauliza, "Mwalimu, na sisi tulikuwa wapi?"

Jibu tulilompa pale lilikuwa fupi, na tunakiri kwamba halikutosha. Haya yafuatayo ndiyo tuliyopaswa kumweleza.

Kisa cha Waajemi hakikubuniwa na kiongozi yule. Kimo katika tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na Mreno João de Barros naye alikitia katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1552. Husimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi yeye na ndugu zake katika majahazi saba, naye akakinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa kitambaa kirefu cha kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Msomaji na apime mwenyewe. Hadithi inayomtaja muuzaji tayari inakiri kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe.

Ardhi nayo ina ushahidi wake. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake cha juzuu mbili mwaka 1974. Alionyesha kwamba watu walikaa pale tangu karne ya 9 hivi, wakiishi katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki, wakifinyanga vyungu vyao na kufua chuma. Nyumba za mawe zilikuja baadaye, juu ya makao hayo hayo. Chittick mwenyewe aliwapa wageni nafasi kubwa katika ukuaji wa mji, lakini wataalamu waliomfuata, walipolinganisha uchimbaji wa Kilwa na wa miji mingine ya pwani, waliona zaidi mwendelezo wa watu wale wale kutoka nyumba ya udongo hadi nyumba ya mawe. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Ulionyesha kwamba tangu karibu mwaka 1000 damu ya Afrika na ya Uajemi zilichanganyika, na kwamba asili ya Kiafrika ilitoka hasa upande wa akina mama. Basi wasimulizi wa kale hawakusema uongo mtupu walipowataja Washirazi, ila waliwasahau mama zao. Na anayetaka kujua ni lugha ya nani iliyoshinda ndani ya nyumba zile, asikilize watoto wa Kisiwani wanavyoitana ufukweni hata leo.

Tazama pia namna kuta zilivyojengwa. Mawe ni matumbawe. Mengine yalikatwa mabichi baharini, ambako huwa laini kuchongeka, nayo yakikauka huwa magumu. Chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazivuki upana mkubwa, vyumba vya Kilwa ni virefu na vyembamba, kama vilivyo vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Umbo la chumba lilitoka katika msitu wa hapa petu, na fundi aliyeujua mti huo na mwamba huo hakuhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Tukija kwenye utajiri wa mji, hapana budi kuzungumza habari za pepo. Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kuvileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi huvirudisha. Chombo kilichotoka huko kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika mzunguko mmoja wa pepo. Kwenda mbele zaidi, hadi Sofala palipotoka dhahabu ya nchi ya Zimbabwe, kulimaanisha kuchelewa na pengine kungoja msimu mwingine. Watu wa Kilwa ndio walioshika sehemu hiyo ya njia. Walikusanya dhahabu na pembe kutoka kusini, wakawangojea wafanya biashara bandarini mwao, katika maji yenye kina yaliyokingwa na visiwa. Waligonga sarafu zao wenyewe za shaba, ambazo maneno ya upande mmoja huwa na vina na maneno ya upande wa pili, jambo ambalo msomaji mpenda mashairi atalifurahia. Sarafu moja ya Kilwa imeokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Mgeni mashuhuri kupita wote alifika mwaka 1331. Ibn Battuta wa Tangier alikuja kwa jahazi kwa njia ya Mogadishu na Mombasa, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ajili ya ukarimu wake. Msafiri huyo anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizokuwa amevaa, naye akazivua akampa. Mwana wa Sultani alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na Sultani akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Kisa hiki hupendwa sana na waongozaji kwa sababu ya ukarimu uliomo. Sisi tunaomba kisomwe chote. Watu ishirini walitolewa zawadi kama pembe zilivyotolewa, na mwandishi hakuona ajabu. Tukidai kwamba Kilwa ni yetu, basi na haya ni yetu.

Sultani huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali mashariki ya mji. Lina vyumba zaidi ya mia moja, ua wa mikutano, na birika la kuogea lenye pembe nane, na ngazi zake hushuka hadi pwani. Aliupanua pia Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12, kwa nguzo na kuba zinazoshangaza hata sasa. Husuni Kubwa huonekana vyema kwa mtu aliye majini. Afikaye kwa miguu kupitia mashamba huliona kwanza kama chungu ya mawe, lakini kutoka mashuani linainuka juu ya jabali kwa namna ambayo mjenzi alikusudia mfanya biashara alione. Wanafunzi wetu walikuwa wakipiga kelele mashuani. Tulipolipita, wakanyamaza wenyewe.

Wareno walikuja kwa njia hiyo hiyo ya bahari. Cabral alifika mwaka 1500, na mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kulipa kodi kwa vitisho vya mizinga. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora, akajenga ngome na kumweka mtawala aliyemtaka yeye. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome hiyo. Hatutaki kukaa sana hapa, kwa kuwa vitabu vya shule vimeyaeleza. Twaongeza tu kwamba mji haukufa siku ile. Ulipoteza njia ya dhahabu, nao ukadhoofika kwa muda mrefu. Tena ulipoinuka katika karne ya 18 uliinuka kwa biashara mbaya kuliko ya kwanza: mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Gereza tulionalo leo lilijengwa na Waomani karibu na mwaka 1800, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alipelekwa uhamishoni Arabuni. Biashara ikahamia Kilwa Kivinje, upande wa bara, ulipokuwa mwisho wa njia za misafara iliyotoka ziwa Nyasa.

Sasa magofu yana adui mwingine, naye pia hutoka baharini. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 zikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mikoko ilikuwa imekatwa, mawimbi yakaula ufuko, na sehemu ya ukuta wa Gereza ikaporomoka. Kwa miaka kumi kazi ilifanyika ya kuimarisha kuta na kuukinga ufuko, wakazi wa kisiwa wakishiriki, hata mwaka 2014 magofu yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Mti ule ule uliokuwa ukibeba dari za masultani sasa unategemewa kuzuia maji yasiiangushe misingi yao.

Wageni wa meli huonyeshwa Kisiwani, na wenye muda hupelekwa Songo Mnara, ambako hulazimika kuvua viatu na kutembea majini kati ya mikoko. Kivinje kwa kawaida hawafiki. Huko hakuna kuba wala birika. Kuna nyumba za zamani zinazobomoka, na kuna mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895 pamoja na wenzake, miaka kumi kabla ya Vita vya Maji Maji kuzuka katika milima ya Matumbi iliyo karibu. Tuliwapeleka wanafunzi wetu huko siku ya pili, kwa gari.

Lakini siku ile ya kwanza tulichelewa kuondoka Kisiwani. Msichana yule alikuwa amerudi katika Msikiti Mkuu, anapima upana wa chumba kwa hatua zake, kisha anaandika. Nahodha alituita mara mbili, akisema maji yanakupwa na mashua itakwama mchangani. Wenzake walikuwa wamekwisha panda. Alikuja mbio, daftari likiwa kichwani lisilowe, akaingia majini hadi magotini, nasi tukamshika mkono tukampandisha.