Vishikwambi vya kujifunzia vijijini Tanga

Jaribio la elimu lilifanyika 2017–2019 katika vijiji takriban 170 mkoani Tanga, vikiwemo vya Handeni na Korogwe, chini ya shindano la Global Learning XPRIZE, UNESCO ikishirikiana na Serikali. Watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, ingawa nyumbani wengi husikia Kizigua au Kisambaa. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilishuka kwa nusu, hatua kubwa, japo nusu iliyobaki haipaswi kusahauliwa. Mei 2019 timu zilizoshinda shindano hilo, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.