Uraia wa Baba, Vidole vya Babu

Fomu ya kuomba uraia wa Uingereza inauliza mambo mengi, na mengi ni ya kujaza tu: umeishi wapi miaka hii mitano, umetoka nje ya nchi siku ngapi, ni watu gani wawili watakaokudhamini. Halafu inafika kwa wazazi. Jina la baba, mahali alipozaliwa, tarehe, uraia wake. Kwa hilo swali la uraia wake nilikaa jioni nzima.

Baba alizaliwa Voi mwaka 1956. Niliandika Mkenya, kwa sababu ndivyo alivyo na ndivyo fomu inavyotaka. Lakini siku aliyozaliwa hakukuwa na kitu kinachoitwa raia wa Kenya. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1948, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1949, iliweka daraja moja kwa Uingereza pamoja na makoloni yake yote: raia wa Uingereza na Makoloni. Mtoto wa Voi na mtoto wa London waliozaliwa siku moja waliitwa jina moja. Kwa hivyo baba yangu, mtoto wa mkata mkonge, alikuwa raia wa Uingereza kwa kuzaliwa. Alikaa na uraia huo miaka saba, mpaka 12 Desemba 1963 alipogeuka Mkenya na ule mwingine ukafutika. Hakuna aliyemwambia alipoupata, wala alipoupoteza.

Nyanya naye mambo yake yalikuwa tofauti. Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na Mombasa haikuwa koloni. Ule ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza walikuwa wanausimamia kwa kodi tangu 1895. Bara ilipotangazwa kuwa Koloni la Kenya mwaka 1920, pwani ilibaki Himaya ya Kenya. Mtu wa himaya hakuwa raia wa Uingereza. Alikuwa mtu anayelindwa na Uingereza, basi. Ukienda kwa makaratasi, babu yangu wa Taita alikuwa raia na mke wake hakuwa raia, na wote wawili walikuwa wanakunywa maji ya mtungi mmoja. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuja nyumbani kuwaeleza. Nadhani hata DC mwenyewe angehitaji kufungua kitabu kwanza.

Sasa usidhani uraia huo wa babu ulikuwa na kazi. Kitu kilichokuwa na kazi kilikuwa kipande.

Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa 1915, ikasubiri vita viishe, ikaanza kutumika kwa nguvu mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, kwao, na alama za vidole vyake. Humo humo mwajiri aliandika tarehe ya kuanza kazi, aina ya kazi na mshahara, na mtu akimaliza kazi mwajiri huyo huyo alitakiwa kutia sahihi kwamba amemruhusu aondoke. Bila sahihi huwezi kuajiriwa kwingine, na kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai, si ugomvi wa bosi na mfanyakazi. Cheti kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa kati ya mambo aliyokuwa akiyapinga, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa kusitasita, akafa pale.

Babu alikuwa anakata mkonge katika shamba moja kule kwetu wakati wa Vita vya Pili. Mkonge ulikuwa dhahabu miaka hiyo. Wajapani walikuwa wameiteka Ufilipino mwaka 1942, na nyuzi za kamba za meli zilizokuwa zikitoka huko zikakatika, kwa hivyo kila shamba la mkonge Afrika Mashariki lilitakiwa kutoa zaidi. Ndipo habari ikaja kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Akaomba ruhusa. Msimamizi akakataa kutia sahihi kwenye kipande mpaka mwezi uishe. Babu akaondoka usiku. Alimkuta mama yake hai, akakaa naye siku nne, akamzika. Kisha askari wakaja kumchukua, na akafungwa kwa kutoroka kazi. Hadithi hii aliisimulia bila kulalamika, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Alichopenda kurudia ni zile siku nne.

Vidole vilivyokuwa kwenye kile cheti vilikuwa vimetoka mbali. Mwaka 1858 kule Bengal, afisa wa kikoloni aliyeitwa William Herschel alimfanya mkandarasi, Rajyadhar Konai, agandamize kiganja chake chenye wino kwenye mkataba wa vifaa vya barabara, ili asije akaukana baadaye. Huko huko Bengal, chini ya Edward Henry, polisi walitengeneza njia ya kuzipanga alama za vidole katika mafungu ili karatasi moja ipatikane haraka kati ya maelfu. Hesabu zake zilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini mfumo ukaitwa wa Henry. Mwaka 1901 Henry akauleta Scotland Yard. Angalia mwelekeo wake: haukuanza London ukapelekwa makoloni. Ulijaribiwa kwanza kwa watu ambao wakubwa walisema hawawezi kuwatofautisha sura wala kuamini maneno yao, ndipo ukarudi nyumbani kwa wezi wa Uingereza.

Kwa hivyo Novemba 2024, nilipopata miadi ya makaratasi na vidole hapa Leicester, nilikwenda nikiwa nimesoma kupita kiasi. Ada nilikuwa nimeshalipa, pauni 1,630, ambayo kwangu ni kazi ya usiku ya wiki nyingi katika nyumba ya wazee. Mtihani wa Maisha ya Uingereza nilikuwa nimeshafaulu: maswali 24, unatakiwa upate 18, na mengine ni ya wafalme ambao Waingereza ninaofanya nao kazi hawawajui. Makaratasi nilikuwa nimeyapandisha kwa mtandao usiku, moja moja, kwa sababu ukiomba kituo kikuskanie unalipia.

Kituo chenyewe hakina maajabu. Ni chumba chenye viti, na mlinzi anayekagua paspoti na barua ya miadi. Wanaofanya kazi pale hawaamui chochote, wanachukua vitu na kuvituma tu. Unaitwa, unapigwa picha bila miwani, halafu unaambiwa uweke vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo. Hakuna wino siku hizi.

Mashine ikakataa. Tukarudia. Ikakubali vitatu, kidole cha shahada ikakikataa. Tukafika kwa gumba, nacho kikakataliwa mara tatu. Kijana aliyenihudumia akanipa kitambaa chenye maji nipanguse, akaniambia nibonyeze zaidi, kisha akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akatikisa kichwa kama fundi aliyeona gari la aina ile ile asubuhi hiyo. Wauguzi, akasema, wapishi, watu wa usafi, watu wa ujenzi. Sanitaiza na sabuni zinakula mistari. Wazee pia, mistari yao inalala. Mwishowe akachukua kilichopatikana, mashine ikaandika kwamba imejaribu, nikaambiwa inatosha.

Nilikumbuka viganja vya babu. Mkonge una utomvu unaowasha na miiba kwenye ncha, na mtu aliyekata miaka ishirini ngozi yake inakuwa kama soli. Nimejiuliza karani aliyekuja kuchukua alama zake alipata nini kwenye karatasi.

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na Mmarekani, mwanamume wa makamo, mweupe, amevaa vizuri, anasubiri zamu yake ya kioo kama mimi. Kwa Kenya ya zamani jambo hilo lingezua balaa. Mwaka 1947 serikali ya koloni ilipitisha sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote, na wote watoe vidole. Walowezi wakaja juu. Kutia vidole, wakasema, ni mambo ya wahalifu. Miaka 27 majirani zao walikuwa wanavaa mambo hayo ya wahalifu shingoni na hakuna aliyeona ni matusi. Ikaundwa tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwisho wa yote ikakubaliwa kwamba anayeweza kutoa picha na sahihi yake hatalazimishwa kutoa vidole. Unaweza kukisia ni nani waliobaki na wino. Nasi hadi leo kitambulisho tunakiita kipande, hata vijana waliozaliwa juzi: "Nimepoteza kipande, nangoja kingine." Jina limebaki, kikopo kimeenda.

Mtu aliyenifundisha nisiuamini sana uraia wa makaratasi ni jirani yangu, mzee Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili chake ni cha dukani, chepesi, na anapenda kukitumia nikiwa natoka kazini asubuhi. Ananiita binti, mimi namwita mzee. Uhuru ulipokuja, watu kama yeye, ambao wazazi wao hawakuzaliwa Kenya, hawakupewa uraia wa Kenya moja kwa moja. Walipewa miaka miwili ya kuomba. Wengi hawakuomba, wakabaki na paspoti ya Uingereza ambayo sheria ya 1948 iliwapa haki nayo. Mwaka 1967 Kenya ikaleta sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, na watu wakaanza kufungasha. Ndege za Nairobi kwenda London zikajaa. Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa siku tatu tu, ikatiwa sahihi 1 Machi 1968: mwenye paspoti hiyo hana ruhusa ya kuingia kwa uhuru mpaka yeye, mzazi au babu awe amezaliwa Uingereza au amepewa uraia huko. Neno babu ndilo lililofanya kazi yote. Babu mzungu wengi wa walowezi walikuwa naye. Fundi cherehani wa Kisumu angempata wapi?

Yeye aliwahi, aliingia Februari. Kaka yake alichelewa, akangoja kibali Nairobi miaka mingi, maana vilitolewa 1,500 tu kwa mwaka, kimoja kwa kila mkuu wa familia. "Paspoti moja, rangi moja," mzee huniambia, "mimi mlango umefunguka, yeye umefungwa. Binti, wewe pata karatasi, lakini usilale juu yake." Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuja kusema mwaka 1973 kwamba ubaguzi ule ulikuwa ni kuwadhalilisha watu. Kaka yake, mzee anasema, alikuwa ameshahamia Kanada.

Basi kwa nini naiomba, najua yote haya?

Kwa sababu ya Voi. Baba ana sukari, na mguu wake mmoja hauponi vizuri. Mama hayupo tena. Mimi nina kibali cha kudumu cha kukaa Uingereza, ambacho jina lake linadanganya, kwa kuwa ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo kinakufa. Nikirudi nyumbani kumwangalia, nitaanza kuhesabu. Mgonjwa hawezi kuwekewa miaka miwili. Na siwezi kufunga kila kitu hapa, kwa sababu mshahara wa hapa ndio unaonunua insulini ya kule, na siku baba hatakuwepo nitahitaji kurudi kazini. Raia hahesabiwi. Anaondoka anapotaka na kurudi anapotaka. Naomba kuwa Mwingereza ili niweze kukaa Taita, ndiyo hesabu yenyewe, na nimeipiga kila upande haibadiliki.

Kenya nayo ilinirahisishia. Katiba ya 2010 ilisema mzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine. Kabla ya hapo ningelazimika kuchagua. Sheria ya 2011 inanitaka tu nitangaze ule wa pili ndani ya miezi mitatu.

Nilimpigia baba Jumapili iliyofuata. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Kwani watakunyang'anya kipande?" Nikamwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa raia wa Uingereza mpaka akiwa na miaka saba, na kwamba sheria iko, nimeisoma. Alinyamaza kidogo.

"Na babu yako?"

"Naye pia, baba. Tangu sheria ianze 1949. Na hata kabla ya hapo, kwa kuzaliwa koloni, alihesabiwa mtu wa Mfalme."

"Hata alipofungwa?"

"Hata alipofungwa."

Akacheka, kicheko chake kile cha kukohoa, akasema mama, hayo usiyaandike kwenye fomu, watakusumbua. Kisha akataka kujua majibu yanakuja lini. Nikamwambia kwa kawaida ni ndani ya miezi sita. Akauliza kama hiyo miezi sita inahesabiwa tangu siku niliyolipa au siku ya vidole.