Uteuzi Ndani ya Mkondo wa Fikra

Mhakiki wa riwaya akikuta ukurasa usio na vituo, mhusika akirukia kumbukumbu hii na ile, huandika upesi kwamba mwandishi ametumia mbinu ya mkondo wa fikra, akimaanisha kuwa mawazo ya mhusika yamemwagwa jinsi yalivyo. Ninaupinga ufahamu huo. Hakuna riwaya iliyowahi kuyamwaga mawazo jinsi yalivyo, na saikolojia iliyotupa istilahi hii haikudai jambo kama hilo.

William James, katika The Principles of Psychology (1890), aliipa fikra sifa tano: ni ya mtu binafsi, hubadilika daima, haikatiki, hushughulika na vitu vilivyo nje yake, na huchagua. Wahakiki wameishika ya tatu na kuisahau ya tano. Kwa James, akili hupuuza mengi mno kuliko inayoyapokea, na kuchagua huko ni sehemu ya kuwaza kwenyewe. May Sinclair alipoihamishia istilahi hiyo kwenye fasihi mwaka 1918, akizijadili riwaya za Dorothy Richardson, wasomaji waliupokea ule mwendo usiokatika. Uteuzi ukabaki nyuma.

Sura ya mwisho ya Ulysses (1922) ya James Joyce hutajwa kila mara kuwa ushahidi wa mawazo yasiyochujwa. Molly Bloom yuko kitandani usiku, na karibu alama zote za uakifishaji zimeondolewa. Lakini sura hiyo imepangwa katika sentensi nane ndefu, na neno inaloanza nalo ndilo inalomalizia. Huo ni mpango wa fundi. Naye Faulkner, katika The Sound and the Fury (1929), alitumia herufi za mlazo kuonyesha pale fikra za mhusika wake Benjy zinapohama kutoka wakati mmoja hadi mwingine, na alitamani hata wino wa rangi mbalimbali. Benjy hahitaji ishara hizo. Zimewekwa kwa ajili yetu.

Lipo tatizo la ndani zaidi. Tangu miaka ya 1970, mwanasaikolojia Mmarekani Russell Hurlburt amekuwa akiwapa watu kifaa kinacholia bila kutarajiwa, nao huandika kilichokuwamo akilini mwao mara tu kabla ya mlio. Mara nyingi hawakuti maneno. Hukuta picha, hisia, au wazo lililo wazi kabisa lisilo na neno wala taswira. Mwandishi hana ila maneno. Akidhamiria kunakili akili, ameshindwa kabla hajaanza. Akidhamiria kuteua, ana kazi kubwa mbele yake, na hapo Kiswahili kina hazina ambayo bado hatujaithamini ipasavyo.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alieleza mwaka 1934 kwamba usemi wa ndani hufupishwa: kiima huachwa, kiarifu kikabaki, kwa kuwa anayewaza anajua anawaza nini. Mfano wake ni watu wanaongojea tramu. Hakuna anayetangaza kuwa tramu tuliyokuwa tukiingojea sasa inakuja, “inakuja” inatosha. Katika Kiswahili kiima kikiondoka, alama yake ya ngeli hubaki kwenye kitenzi. Tumtazame mama jikoni, jioni: “Zimebaki mbili. Akija atapewa yeye. Unakauka huu. Jana hakula. Angepiga hata simu.”

Hakuna kiima kilichotajwa kwa jina hapo. Hata hivyo, msomaji aliyekwisha kuonyeshwa chapati na sufuria ya mchuzi atafuata bila kushikwa mkono: zi- ni chapati, u- ni mchuzi, na a- ni yule ambaye hajarudi, asiyetajwa na anayerudi katika kila wazo, hata pale jicho lilipo jikoni. Nukta zimo zote, na fikra haikukatika. Ufupi huo ni wa mama. Kuamua ni wazo gani lifuate lipi ni kazi ya mwandishi.

Kwa kipimo hiki, nafsi ya kwanza peke yake haitoshi. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, hutafakari sana, na tafakuri yake ni nzito, lakini anazungumza na sisi: anatueleza nani ni nani na yuko wapi. Anayejisemea hana haja ya kujitambulishia baba yake mwenyewe. Kwa hiyo mhakiki asianze kwa kuhesabu vituo vilivyokosekana. Atafute pale mhusika anapoacha kututambulishia watu na vitu vyake, kisha aulize ni kipi ambacho mwandishi amechagua kisitajwe kabisa.