Kutoka Sheffield hadi Kamukunji: Kuhama kwa Wajibu wa Usalama katika Historia ya Grainda

Grainda ya mkononi ni miongoni mwa zana za umeme zinazotumiwa sana na mafundi wa vyuma nchini Kenya. Hata hivyo, fikra za usalama zinazoizunguka ni kongwe kuliko zana yenyewe, kwani chimbuko lake ni jiwe la kunolea lililofungwa mahali pamoja kiwandani. Hoja kuu hapa ni kwamba gurudumu lilipohama kutoka kiwandani hadi mikononi, wajibu wa usalama nao ulihama kutoka kwa mwenye kiwanda hadi kwa fundi, ilhali sheria ilichelewa kuufuata.

Mfano bayana wa hali ya awali ni Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19. Wanoaji wa visu, uma na nyembe walifanya kazi wakiinamia mawe ya mchanga yaliyozungushwa kwa nguvu za maji na, baadaye, za mvuke. Hatari zilikuwa mbili: jiwe kupasuka likizunguka, na vumbi kuharibu mapafu. Daktari Arnold Knight, ambaye maelezo yake yalinukuliwa na Friedrich Engels mwaka 1845, alikadiria kwamba wanoaji wa jiwe kavu waliishi kwa wastani takribani miaka 35 tu, na wale wa jiwe lililoloweshwa hawakuvuka 45 ila kwa nadra. Sheria ya mwaka 1867 ilimwezesha mkaguzi kumtaka mwajiri afunge feni ya kuondoa vumbi. Kwa hiyo, wajibu ulikuwa na anwani: jengo, mwenye jengo na mkaguzi.

Muundo huohuo uliingia Kenya kupitia Sheria ya Viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1951. Sheria hiyo ilidai mitambo ya hatari iwekewe kinga, lakini msingi wake ulikuwa kiwanda kama mahali panapotambulika.

Mwaka 1954 kampuni ya Kijerumani ya Ackermann + Schmitt ilitengeneza grainda ya pembe yenye kasi kubwa. Tangu hapo gurudumu halikuhitaji tena jengo. Diski ya utomvu ilichukua nafasi ya jiwe la mchanga, na kasi ya ukingo wake ikafika mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Kwa kasi hiyo, diski ya milimita 115 inaweza kuzunguka mara 13,300 kwa dakika, ilhali ya milimita 230 haipaswi kuzidi takribani mara 6,600. Diski kubwa ikifungwa kwenye mashine ndogo inayozunguka mara 11,000, ukingo wake hufikia mita 132 kwa sekunde, na nguvu inayoivuta ipasuke huwa karibu mara tatu ya ile iliyokadiriwa na mtengenezaji. Haiwezi kufungwa hivyo pasipo kuvua kinga. Kitendo kimoja cha bisibisi, basi, huondoa ulinzi ambao Sheffield ulidaiwa kwa mwajiri.

Ni kosa kukieleza kitendo hicho kwa ujinga peke yake. Fundi wa jua kali aliye na mashine moja, akipewa kazi ya kukata bomba nene, hupima gharama ya mashine ya pili dhidi ya kazi iliyo mbele yake. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya iliipa sekta hii uzito katika mijadala ya maendeleo, lakini mabanda ya Kamukunji na Gikomba hayakufanana na kiwanda kilichokusudiwa mwaka 1951.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ilirekebisha pengo hilo kimaandishi, kwa kuzihusisha sehemu zote ambamo mtu yumo kazini, za muda au za kudumu. Hata hivyo, fundi anayejiajiri ni mwajiri na mwajiriwa kwa pamoja; anayedaiwa kinga ndiye anayeihitaji. Historia hii inadokeza kwamba mafunzo ya kuvaa miwani, kushika mpini wa pembeni na kulinganisha kasi ya diski na ya mashine ni ya lazima, lakini hayatoshi. Swali lililojibiwa Sheffield mwaka 1867, la nani agharamie usalama, bado linasubiri jibu Kamukunji.