Kipima mwanga: historia kidogo kabla bumu halijaisha

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio yalinibana kwelikweli, sasa nimepata nafasi ya kupumua. Leo nataka tuongelee kipima mwanga cha mkononi, kile kidude ambacho mpiga picha wa studio anakisogeza kwenye uso wa mtu kabla hajabonyeza kamera.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi na mwenzangu wa chumbani tumechanga hela za bumu tununue kimoja, tena cha mtumba, maana tunataka kupiga picha za mahafali na za studio ili tupunguze kula maharage kila siku. Yeye anataka cha kupima nukta, kile unachochungulia kama darubini. Mimi nataka chenye kikuba cheupe. Hela ya kununua viwili haipo, na tukinunua ambacho hakitufai, muhula mzima tutaisikia njaa. Tumebishana siku tatu. Sasa mimi nasoma historia, kwa hiyo nimeamua kuumaliza ubishi kwa njia ninayoijua: kuuliza kila kifaa kilizaliwa kutatua tatizo gani.

Tuanzie mbali. Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na kwa miaka mingi baada ya hapo wapiga picha walikadiria mwanga kwa macho na mazoea. Shida ni kwamba jicho linadanganya. Ukitoka juani ukaingia ndani, baada ya dakika chache unaona kama kawaida, kumbe mwanga umepungua mara mia na zaidi. Jicho limejirekebisha lenyewe bila kukuaga! Huko Uingereza, mwaka 1888, mkemia Ferdinand Hurter na mhandisi Vero Driffield walisajili kikokotoo walichokiita Actinograph, cha kukadiria mwanga kwa kufuata majira ya mwaka na saa ya siku. Mwingereza mwingine, Alfred Watkins wa Hereford, akatengeneza kipimo kidogo kama saa ya mfukoni. Ndani kulikuwa na karatasi inayobadilika rangi ikipigwa na mwanga, na wewe ulihesabu sekunde mpaka rangi yake ifanane na ya mfano.

Umeme ndio uliobadilisha mambo. Mwaka 1873 Willoughby Smith, fundi wa nyaya za simu za baharini, alieleza kwamba madini ya seleniamu hupitisha umeme zaidi yakimulikwa. Ilichukua karibu miaka 60 jambo hilo kuingia mfukoni mwa mpiga picha. Mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Newark, New Jersey, ilitoa kipimo chake cha kwanza cha seleniamu kwa ajili ya picha. Hakikuhitaji betri. Mwanga unagonga seli, sindano inacheza, unasoma namba. (Msichanganye: Edward Weston mwenye kampuni na Edward Weston mpiga picha maarufu ni watu wawili tofauti.)

Lakini kipimo cha namna hiyo, kama vipimo vilivyomo ndani ya kamera zetu mpaka leo, kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Hakijui kitu chenyewe ni nini, kwa hiyo kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati, kile ambacho kadi za wapiga picha hukiwakilisha kwa asilimia 18. Kielekeze kwenye gauni jeupe la bibi harusi, kitakushauri upunguze mwanga, na gauni litatoka kijivu. Kielekeze kwenye joho jeusi la mahafali, kitakushauri uongeze, na joho litapauka pamoja na sura ya mwenye joho. Sasa fikiria mhitimu mweusi kama mimi, shati jeupe, joho jeusi, nyuma kitambaa cheupe cha studio. Kipimo kinamezwa na ule weupe wa nyuma, kinapunguza mwanga, na picha inatoka meno na macho tu. Nani kati yetu hana picha ya namna hiyo nyumbani, mama au shangazi amebaki kivuli katika siku yake kubwa?

Hapo ndipo anapoingia Mmarekani Don Norwood. Mwaka 1940 alipata hataza ya kipimo chenye kikuba cheupe, mfano wa nusu ya mpira wa pingpong. Hukielekezi kwenye uso, unakiweka usoni pa mtu na kukigeuzia kamera. Kikuba kina umbo la mviringo kama uso, kinapokea mwanga wa mbele na wa pembeni kwa pamoja. Kinapima mwanga unaomwangukia mtu kabla haujagusa ngozi wala nguo. Watu wa sinema walikipenda, kwa sababu tukio moja hupigwa vipande vipande na sura ya mwigizaji lazima ilingane kote. Umbo hilo liliendelezwa na Sekonic ya Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1951, katika vipimo vyake vya Studio Deluxe.

Na kile cha nukta anachokitaka mwenzangu? Nacho kina historia yake, tena tamu. Miaka hiyohiyo ya 1939 na 1940, Ansel Adams na Fred Archer, walimu wa Art Center School huko Los Angeles, walipanga mwanga katika ngazi walizoziita zoni, kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu. Ili upange hivyo lazima upime vipande vidogo vidogo vya mandhari, na mlima uko kilomita kumi, huwezi kwenda kuweka kikuba pale. Tarehe 1 Novemba 1941, Adams alikuwa New Mexico, akaona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez huku jua likizama. Akatafuta kipimo chake cha Weston, hakukiona! Akakumbuka mng'ao wa mwezi, akapiga hesabu kichwani, akapata picha moja tu kabla mwanga haujaondoka. Baada ya vita vikaja vipimo vya kuchungulia, kama SEI ya Uingereza iliyosoma nusu digrii, na baadaye Pentax ya digrii moja.

Lakini sikilizeni jambo hili. Katika mpango wa Adams, ngozi ya Mzungu wa kawaida iliwekwa zoni ya sita. Ukiichukua kanuni hiyo kama ilivyo ukaupima uso wangu, utanipausha. Kipimo cha nukta kinakupa namba sahihi kabisa, ila uamuzi wa namba hiyo ikae wapi ni wako, na kwa kila ngozi ni uamuzi mpya. Wahitimu hamsini wamepanga foleni, kila mmoja na rangi yake... utamaliza saa ngapi? Kikuba hakiulizi rangi ya mtu. Taa zikikaa palepale, kipimo kimoja kinawatosha wote, na kila mmoja anatoka na rangi yake aliyozaliwa nayo.

Mwenzangu akaniambia, kamera za dijitali zinaonyesha picha papo hapo, kipimo cha nini? Hoja nzuri, na kwa kujaribujaribu utafika. Ila mkiwa na taa mbili za flashi, kipimo kinakuambia kila taa inatoa kiasi gani peke yake, na kesho unapanga vilevile bila kubahatisha. Angalizo tu: kiwe cha kusoma flashi, kwani sindano ya seleniamu haiwezi kuuwahi mwako mfupi hivyo. Na kwa mtumba, seli za seleniamu huchoka kwa uzee, na vipimo vingi vya miaka ya 1960 vilitegemea betri za zebaki ambazo haziuzwi tena. Vipo vyenye kikuba na nukta pamoja, kama Sekonic L-758, lakini bei yake inalitaka bumu zima.

Kilichomaliza ubishi ni jambo dogo. Nilimwomba afungue menyu ya kamera yake. Kipimo cha nukta kimo humo humo, kipana kuliko cha digrii moja, lakini kipo. Cha kikuba hakimo kwenye kamera yoyote. Akacheka, akasema haya, twende na kikuba, ila tukipata faida cha pili ni chake.

Kazi kwenu wadau, mwenye uzoefu aseme.