Daraja la Kirumi liimarishwe, sura yake ibaki

Msafiri wa Tarime aliyekwenda Musoma zamani alivuka kwa pantoni pale Kirumi, ambapo Mto Mara, ukishazitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti, hutawanyika katika vinamasi kuelekea Ziwa Victoria. Katikati ya miaka ya 1980 pantoni ilipisha daraja la nyaya, takriban miaka 30 kabla Kigamboni haijapata la kwake mwaka 2016. Kwa hiyo Kirumi ni kumbukumbu ya uhandisi wetu, hata kama halijatimiza nusu karne. Ukarabati wake umeshaingia katika bajeti za wizara. Kilichobaki kujadiliwa ni namna ya kuufanya: mimi nasema daraja liimarishwe dhidi ya matetemeko na upepo, bila kubadili sura yake.

Wapo wasemao Mkoa wa Mara, liliko daraja hili, hauna matetemeko ya kutisha. Lakini mkoa huu uko kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa: Julai 2007 ardhi ilitikisika Gelai kwa kipimo cha 5.9, na Septemba 10, 2016 Kagera, ng'ambo ya ziwa, ikatikisika kwa kipimo hichohicho na watu wakafa. Wengine husema kuhifadhi sura ni anasa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kwa jengo la mapambo. Daraja la nyaya halina pambo: umbo lake ndilo linalobeba mzigo na kupokea upepo, na ukiligusa ovyo umegusa usalama wake. Golden Gate la San Francisco, lililofunguliwa mwaka 1937, linathibitisha hilo. Baada ya dhoruba ya 1951 liliongezewa mihimili chini ya sakafu, ambayo apitaye juu haioni. Lakini uzio wake ulipowekwa vyuma vyembamba ili upepo upite kwa wepesi, mwaka 2020 daraja zima lilianza kulia mluzi. Badiliko dogo, tena la nia njema.

Kirumi nalo linaweza kuimarishwa kwa kificho: raba za kupokea mtikisiko chini ya sakafu, vizuizi vya kuizuia isichomoke kwenye nguzo, na vifaa kama shokapu za gari penye mashina ya nyaya, maana mvua ikichirizika juu ya waya huku upepo ukivuma, waya huweza kutetemeka hadi ukachoka. Kutu kwenye mashina hayo ndiyo ningeitazama kwanza kabisa. Na anayetaka daraja jipya kando ya hili ajue kuwa la zamani litabaki juu ya maji, likidai matunzo au fedha za kulibomoa.